Tanzia Niliyoipitisha

Mtaani wananiita Tanzia. Si jina zuri la kumwita mtu, najua, lakini nimelizoea kama nilivyozoea kipara changu. Kwa miaka ishirini na sita nimesoma matangazo ya vifo redioni, saa saba mchana na saa moja jioni, na mtu wa kazi hiyo hawezi kutegemea aitwe Furaha. Nikimpigia mtu simu, kabla ya salamu ananiuliza, "Nani tena?" Shemeji yangu mmoja hapokei simu yangu kabisa. Anasubiri nikate, kisha anampigia mke wangu kuuliza kama kuna usalama. Utani huo nilikuwa naupenda. Usinione hivi sasa natazama chini. Nilikuwa mtu wa kujisikia.

Na nilidhani nina haki ya kujisikia. Redio yetu ni ndogo, studio yenyewe chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na msumeno wa chini ukianza kulia tunakimbilia kufunga dirisha. Lakini watu wa mji huu na vijiji vyake hawakuwa wanaamini kifo mpaka wakisikie kwangu. Mtu aliambiwa na jirani, akaambiwa na polisi, bado akasema, "Ngoja saa saba tumsikie Tanzia."

Aliyeniachia kiti hicho alikuwa mtangazaji wa zamani, mkali kama pilipili, na sheria aliyonipa ilikuwa moja tu. Tanzia haisomwi mpaka apatikane mtu aliyemwona marehemu kwa macho yake. Si aliyesikia, si aliyeambiwa, si aliyetumiwa ujumbe. Tangazo likija, unapiga simu unauliza, "Nani amemwona?" Ukijibiwa "wanasema," unaliweka pembeni. Nilikuwa na daftari la jalada gumu lenye safu mbili: jina la marehemu, na jina la aliyemwona. Wengine walinitukana. Mjane mmoja aliniambia sina utu. Nilimwacha atukane mpaka akachoka, nikasubiri mpaka mdogo wa mumewe akaja kwenye simu akasema, "Mimi nimemwona." Ndipo nikasoma. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuua mtu aliye hai.

Mwaka juzi koo likaanza kukwaruza. Nikadhani ni mafua, nikanywa tangawizi mpaka mke wangu akasema nanuka kama jiko la msibani. Daktari alikuta kinundu kwenye nyuzi za sauti. Wakakitoa, na sauti yangu ikaondoka nacho. Kilichobaki ni mkwaruzo, kama kiatu kinachoburutwa kwenye kokoto. Wenzangu walikuja kuniambia pole, nikawajibu kwa kuandika kwenye karatasi, kwa sababu nilikuwa naona haya hata kusema asante.

Meneja wa redio ni dada mchapakazi, rika la binti yangu mkubwa. Alikuja nyumbani na fundi mitambo na kompyuta moja ndogo. Akasema, "Baba, tunazo kanda zako za miaka yote. Siku hizi kuna akili bandia, ukiilisha sauti ya mtu inajifunza kuisema. Tumejaribu. Tunaomba ruhusa yako kabla hatujaenda mbele." Fundi akaandika maneno machache, na kompyuta ikasema, "Habari za jioni, mke wangu."

Ilikuwa ni mimi. Sisemi ilifanana na mimi. Hata ile pumzi moja ninayoivuta kabla ya kutaja jina la marehemu, ambayo mji mzima unaijua, ilikuwamo; ilivutwa kabla ya "mke wangu." Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Alikaa juu ya nguo alizokwisha kunja, akalia, kisha akacheka, akasema, "Hebu mwambie aniite lile jina." Nikaliandika, kompyuta ikamwita. Sitalitaja hapa. Baada ya hapo tuliishi hivyo kwa wiki kadhaa: mimi naandika kwenye simu, simu inaongea, yeye anajibu akinitazama mimi usoni. Kwa hiyo anayesema mashine hizi hazina jema lolote aje aniulize. Mimi nilirudishiwa kitu nilichokwisha kukizika.

Kazi ikawa rahisi kupita kiasi. Matangazo yanatumwa kwa ujumbe wa simu, mashine inayapanga, inanyoosha lugha, na kuyaleta kwenye simu yangu nikiwa nyumbani. Chini ya kila tangazo kuna kitufe cha kijani kimeandikwa "Nimethibitisha." Nikikibonyeza, sauti yangu inasoma hewani. Meneja alinikalisha chini siku ya kwanza, na nisimsingizie, alisema wazi: "Baba, mashine haijui nani amekufa na nani yu hai. Inajua kusoma tu. Kuuliza ni kazi yako." Nikamjibu asinifundishe kuuliza, nilianza kuuliza kabla hajazaliwa.

Niliuliza kwa wiki tatu.

Tatizo lilikuwa hili. Nikipiga simu, mtu ananiambia, "Wewe nani?" Nasema mimi ni Tanzia wa redioni. "Toka hapa, tapeli. Tanzia huyu hapa ninamsikiliza." Kijana mmoja alimpa mwenzake simu ili naye asikie, wakacheka wote wawili. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe aliniambia nina laana, nachezea msiba wa watu. Nilikata simu masikio yakiwaka moto. Ningeweza kumwomba mke wangu anipigie. Ningeweza kumwambia meneja. Sikumwambia mtu. Mtu ambaye mji mzima ulinyamaza kumsikiliza, leo nikaeleze kwamba naogopa kuchekwa na vijana kwenye simu? Nikaanza kubonyeza bila kuuliza. Kwanza yale ya wazee waliougua muda mrefu, nikijiambia hayo hayana shaka. Baadaye yote. Tangazo lenyewe linakuja limenyooka, "kwa majonzi makubwa," koma mahali pake na nukta mahali pake. Ukilisoma unaona aibu kulitilia shaka. Daftari langu nikawa naliwekea kikombe cha chai.

Mwezi huohuo redio ikatoa onyo: "Wasikilizaji, jihadharini. Siku hizi mashine zinaweza kuiga sauti na hata sura ya mtu yeyote. Ukipigiwa simu na anayedai ni ndugu yako, usiamini haraka." Aliandika meneja, ikasoma mashine kwa sauti yangu, mara tatu kwa siku. Nilimwambia mke wangu, "Sikia, mwizi anatangaza wizi." Tulicheka, nakiri.

Alhamisi moja jioni likaja tangazo la dereva wa malori ya masafa marefu, mtoto wa mama mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya daraja. Lori limepinduka, dereva amefariki. Aliyetuma ni mwenzake wa karakana. Mimi niko sebuleni na kandambili, nachovya mkate kwenye chai. Nilibonyeza kwa kidole kidogo kwa sababu vile vingine vilikuwa na siagi. Hilo la siagi nalikumbuka kuliko ninavyotaka.

Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Ni Mzee Tanzia?"

"Ndiye."

"Mzee, mimi ndiye marehemu."

Nikadhani ni wale wale vijana. Nikataka kukata, lakini hakucheka. Alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Yeye na mwenzake walibadilishana malori dakika ya mwisho. Lile lililopinduka lilikuwa la kwake, ila siku hiyo halikuwa mikononi mwake. Wa karakana hakumwona mtu. Aliona namba ya lori, akatuma. Yeye mwenyewe yuko mpakani na lori la mwenzake, kwenye foleni ya forodha, na kufika nyumbani ni siku tatu.

"Umempigia mama?" nikauliza.

"Mara tisa tangu jana. Anasema mimi ni mashine. Dada akamwekea simu yenye picha anione, akafumba macho. Anasema redio imeonya, hata sura wanatengeneza. Nikamtajia mambo ya utotoni tunayoyajua mimi na yeye tu. Akalia zaidi. Akasema, 'Mmemchukua mwanangu mpaka kumbukumbu zake.'"

Nilikaa kitako.

"Mzee, mama ana presha. Tangu juzi jioni hajameza kidonge wala hajanywa maji. Amelala ameelekea ukutani. Nesi wa zahanati amesema akiendelea hivi, mimi nikifika sitamkuta hai. Anakuamini wewe tu. Nenda ukamwambie." Kisha akauliza: "Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Niliumwa," nikasema.

Nilipita studio kwanza. Meneja aliposikia alishika meza. Akasema nisiende, tuketi tuandike marekebisho, tumuulize na mwanasheria. Nilimwacha na kalamu yake. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ile haikuwa yake hata kidogo, ilikuwa yangu.

Nilifika kijijini saa sita na nusu. Nyumba ya vyumba vitatu, viti vya plastiki vimepangwa nje, wanaume wamekaa kimya wakisubiri mwili ambao haupo njiani. Dada wa dereva, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye macho mekundu, alinipokea mlangoni. Nilipojitambulisha hakushangaa. Alikuwa amezungumza na kaka yake, alijua mambo ya koo langu. Hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Akasema tu, "Ingia, labda atakusikia."

Chumbani kulikuwa na wanawake wanne kwenye mkeka, na mama amelala kitandani, mdogo, amegeukia ukuta. Pembeni kwenye stuli kulikuwa na glasi ya maji imefunikwa kisahani, na vidonge viwili juu ya kisahani. Juu ya kabati ilikaa redio, imevalishwa kitambaa cha kufuma kama mtoto wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Mtangazaji. Tanzia."

Akageuka taratibu, akanitazama kuanzia viatu. "Baba, nimefiwa. Sina nguvu za mchezo."

"Si mchezo, mama."

"Tanzia namjua. Amemtangaza mume wangu. Amemtangaza dada yangu. Sauti yake iko humu." Akagusa sikio. "Wewe sauti yako ni ya mtu aliyemeza mchanga."

Basi nikasema yote, palepale, mbele ya wanawake wale. Nikasema habari za koo, za mashine, za kitufe. Nikasema mwanao yu hai, mama, nimeongea naye leo asubuhi. Nikasema kosa ni langu, kazi yangu ilikuwa kuuliza nani amemwona, na sikuuliza.

"Sasa ulifanya nini?" akauliza mmoja wa wale wanawake. Alitaka kuelewa tu.

"Nilibonyeza."

"Ulibonyeza," akarudia, akamtazama mwenzake.

Nimeaibika mara nyingi maishani. Niliwahi kukosea jina la mkuu wa wilaya hewani, nikaaibika. Hii ilikuwa nyingine. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu. Neno lenyewe, kubonyeza, lilisikika dogo kiasi kwamba halikutosha hata kuwa kosa, na kwenye kile kitanda palikuwa na mtu anakufa kwa sababu yake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia binti yake, "Jana simu, leo wameleta na mtu. Mtoe." Akaanza kugeukia ukuta. Katikati ya kugeuka akasimama. "Saa ngapi?"

"Inakaribia saa saba, mama."

"Fungua redio. Nimsikie Tanzia mwenyewe."

Dada akanitazama. Sikujua kitakachosomwa, nilitoka nyumbani sijabonyeza chochote. Akafungua. Kikapigwa kile kinanda cha huzuni tunachopiga siku zote, na sauti yangu ikajaza chumba, ile ya miaka kumi na tano iliyopita, safi na nzito.

"Wasikilizaji wapendwa, kabla ya matangazo ya leo nina neno moja." Pumzi ikavutwa. "Mimi mwenyewe, mnayeniita Tanzia, kwa moyo mzito ninaomba radhi. Alhamisi jioni nilitangaza kifo cha dereva ambaye yu hai na mzima. Kwa mama yake mzazi nasema, mama, mwanao yu hai. Nisamehe."

Meneja alikuwa ameandika bila kuniambia. Alitaka kuokoa mtu, simlaumu. Mimi nimeketi hatua moja kutoka kwenye redio, mdomo umefungwa, mikono magotini, nasikiliza ninavyoomba msamaha. Niliomba vizuri kweli. Kwa uhai wangu nisingeweza kuomba vile.

Mama aliketi. Hakuna aliyemshika, aliketi mwenyewe. "Mmesikia?" akasema. "Mmesikia, Tanzia amesema. Mwanangu yu hai." Akaanza kutetemeka mabega, wanawake wakamzunguka, mmoja akaanza kulia kwa sauti, nje viti vikasikika vinasukumwa. Dada akampelekea glasi, na mama akanywa yote, vidonge na maji, akaomba nyingine. Kisha akapangusa mdomo kwa kiganja, akaniangalia juu ya vichwa vyao.

"Unaona mtu muungwana anavyofanya?" akaniambia. "Amekosa, amesema nimekosa. Hakumtuma mtu ajifanye yeye. Wewe ni nani hasa?"

Dada wa dereva alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nilielewa. Nikisema sauti ile ni mashine, mama anarudi ukutani. Ukweli wangu wote niliokuja nao ulikuwa sumu sasa.

"Wewe ni Tanzia?" akauliza tena mama.

"Hapana, mama," nikasema. "Siye."

"Nilijua."

"Mimi ni mtu wa hapo redioni tu. Nilitumwa."

"Siku nyingine ukitumwa, sema umetumwa. Usijipe jina la mtu." Hakuwa na ukali tena. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha husamehe hata matapeli. "Mwambie Tanzia nimemsamehe. Umenisikia? Mwambie kwa mdomo wako."

"Nitamwambia."

Nikanyanyuka niende. Nilikuwa mlangoni aliposema, "Na huyo aliyekufa kwenye hilo lori, ni mtoto wa nani?"

Nikageuka. Tangu asubuhi nilikuwa nimeongea na dereva, na meneja, na nusu ya kijiji, na kwenye msamaha mzima ule mzuri mtu huyo hakuwamo. Alikuwa amekufa siku tatu na hakuna mtu, wala mashine wala mimi, aliyemuulizia.

"Sijui, mama."

"Mwambie Tanzia aulize. Huyo naye ana mama yake."

Nilimpigia dereva nikiwa nimesimama nje, kwenye viti vya plastiki vilivyobaki vitupu. Akanipa jina la mwenzake na namba ya kaka yake. Kaka huyo akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia ni mtu wa redioni, nimetumwa. Nikamwuliza, "Nani amemwona?" Akasema, "Mimi. Leo asubuhi, hospitali." Daftari nilikuwa nimeliacha nyumbani chini ya kikombe, nikaandika kwenye kiganja.

Jioni nilipanda ngazi za studio. Meneja akasema mashine iko tayari, nimpe jina tu. Nikamwambia tanzia hii itasomwa na mtu. Hakubisha, aliniwekea maiki karibu. Saa moja nikasoma kwa mkwaruzo wangu, na nilipofika kwenye jina nikavuta pumzi, ikatoka na kikohozi. Nikalirudia jina.

Kabla sijashuka kwenye kiti simu zilikuwa zinalia. Fundi alipokea kumi na moja. Zote zililalamika: ni nani huyo mliyemleta, mnachezea misiba ya watu, mrudisheni Tanzia wetu.

Ya kumi na mbili nilipokea mwenyewe. Alikuwa dada wa dereva, anaongea chini ili asisikike upande wa pili wa ukuta. Alisema mama yake amekula, na amesikiliza mpaka mwisho, na ameijua sauti yangu.

"Anauliza," akasema, "kama umeshamfikishia Tanzia ule msamaha wake."

Nikamwambia bado.